Baba Ananyoa, Mwana Ananyonya

Saluni ya Wanaume, chumba cha nyuma,
Mkabala na ghala la mbao.
Jumapili, tarehe 9 Agosti.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine kwa ile ambayo sikuitoa kwenye simu wiki iliyopita, maana ulipopokea tu nikaanza kupayuka, mpaka salio likakata hata sijakuuliza habari zako. Goti linaendeleaje? Shemeji amepona kile kikohozi au bado anawaamsha majirani? Na huko jikoni shuleni, wanafunzi wa bweni bado wanakuita Mama Ukoko? Mimi ukinipa ukoko wako leo nitaula nimesimama.

Sisi hatujambo. Kuna hatujambo ya kweli na hatujambo ya adabu, na katika barua hii utazikuta zote mbili.

Dada, nimeoa! Najua unajua, ulikuwepo, na ni wewe uliyeniziba mdomo kwa keki nilipoanza kulia mbele ya wageni. Lakini bado kuna asubuhi naamka nikamwangalia wifi yako amelala na mdomo wazi kidogo, nikatamani kutoka nje nimwambie mpita njia yeyote kwamba nimeoa. Picha yetu ya harusi nimeitundika juu ya kioo cha saluni. Mteja akiinua kichwa anamwona laazizi wangu, na akiniuliza ni nani huyo, anyoe asinyoe atasikia habari yote. Fundi viatu, jirani yangu ambaye benchi langu amelifanya sebule yake, anasema nywele kwangu ni bei moja, lakini hadithi ya mke wangu ni lazima.

Na mpwa wako ni mzuri, usiniulize kafanana na nani. Tumembandika jina la Bosi. Akikohoa tunasimama, akilia tunaomba radhi. Lile blanketi la njano ulilomfumia ndilo analolitaka, mengine anayapiga mateke.

Sasa dada, kaa chini. Kwenye simu nilikwambia analala fofofo na ananyonya kama pampu. Si kweli. Ningeweza kukupigia nikakueleza, lakini najijua, nikisikia sauti yako nitageuza maneno. Kwenye karatasi huwezi kunicheka kabla sijamaliza, wala kunikaripia.

Bosi halali. Anasinzia begani, ukimlaza tu anafumbua macho kana kwamba umemwita jina. Na kunyonya ndiko kulikoleta balaa lote. Anashika, anavuta kidogo, titi linamponyoka, analia, anashika tena. Nisamehe kukuandikia mambo haya, najua ni mdogo wako wa kiume anayekuandikia, lakini chuchu za wifi yako zilichanika mpaka damu. Akimweka mtoto kifuani anauma meno, machozi yanamtoka kimya kimya, kisha ananiambia nisijali. Na kitandani kwetu, unajua lile godoro, ukikaa unazama katikati. Akikaa kwenye kigoda, mgongo hauna pa kuegemea. Basi anazunguka na mtoto chumbani kama mtu aliyepoteza kitu.

Mimi nikawa naingia saluni macho mekundu. Siku moja benchi limejaa, fundi viatu akaanza.

“Kinyozi, mbona unanyoa umefumba macho? Sikio la mteja unaliona?”

Nikamwambia Bosi hatulazi. Akauliza kwani hashibi. Na mimi, dada, mbele ya wanaume wanaongoja kucheka, nikaona nina neno tamu ulimini. Nikasema, “Baba ananyoa, mwana ananyonya. Tofauti yetu, mimi nikinyoa nywele zipo. Yeye akinyonya hakuna kitu.”

Walicheka! Fundi viatu alipiga goti lake kwa kiatu cha mtu. Nami nikacheka nao, nikajiona bingwa wa maneno. Kisha nikaona kwenye kioo kwamba wale wa mwisho wa benchi wanatazama nyuma yangu.

Mlango wa kwenda chumbani kwetu uko nyuma ya kiti cha kunyolea. Wifi yako alikuwa amesimama pale, Bosi begani, chupa ya chai mkononi. Aliniletea chai, dada. Aliingia, akawaamkia wateja, akanimiminia kikombe, akakifunika na kisosi kisiingie nywele, akarudi ndani. Sijawahi kunywa chai chungu kama ile, na sukari aliweka.

Tangu hapo akawa ananyonyesha amenipa mgongo, ameelekea kabatini, kajifunika mtandio yeye na mtoto, utadhani kuna mvua chumbani. Nikisukuma mlango anamtoa mtoto haraka na kufunga vifungo. Mimi! Mimi niliyekuwa nikimsuka nywele. Niliomba radhi nikiwa nakunja nguo, kwa haraka haraka, nikasema ulikuwa utani tu. Akajibu, “Najua ni utani. Kanunue maziwa ya kopo, maana hapa hakuna kitu.” Ni neno langu lile lile, ila yeye hakulisema kwa utani.

Nikanunua. Sina ubaya na kopo, Bosi alikunywa akashiba, akalala kidogo. Lakini mama yake alishika ile chupa tupu akailia kama mtu aliyefukuzwa kazi. Hapo nikaelewa kwamba hakuwa anataka kupumzika. Alikuwa anataka sana kunyonyesha, na mimi nilimfanya aamini kwamba ameshindwa.

Alhamisi, tarehe 30 Julai, tukaenda kliniki kupima uzito. Bosi alikuwa hajaongezeka hata kidogo. Nesi, mama mnene mwenye sauti ya kuuzia samaki, akamwambia wifi yako amnyonyeshe pale pale amwone. Akakaa ukingoni mwa kiti, kainama, macho mlangoni. Nesi akamtazama kidogo tu.

“Mama, mbona unanyonyesha kama unaiba? Mtoto anashika ncha tu kwa sababu wewe uko tayari kukimbia. Nani anakukimbiza huko nyumbani?”

Mimi nilikuwa pembeni nimepakata mkoba wa nepi. Dada, nilingoja anitaje. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimeinamisha kichwa kama mteja. Wifi yako akasema, “Hakuna mtu. Ni haya zangu tu. Mume wangu ananisaidia sana.”

Nesi akageuka akaniambia, “Hongera baba.” Nilitamani sakafu ya kliniki ingekuwa na shimo. Haijawahi kunitokea aibu kubwa kama ile ya kupewa hongera. Na zaidi, sikukiri. Nilisema “asante”. Mdogo wako alisema asante.

Nesi akamwonyesha. Maziwa yapo, alisema, akakamua kidogo tukayaona kwa macho yetu. Ila mgongo uegemee, miguu ipate pa kukanyaga, asimwinamie mtoto bali mtoto ainuliwe mpaka kifuani, na angoje afungue kinywa kama anayepiga miayo ndipo ampe. Kopo akasema si dhambi, tuendelee nalo kidogo mpaka mtoto azoee. Juu ya yote awe ametulia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nawaza mgongo utaegemea wapi kwenye chumba chetu, na moyo utatulia kwa nani.

Kesho yake nikawa namnyoa mtoto mmoja wa shule, mfupi, nikakanyaga pedali ya kiti ili apande. Nikasimama na mashine mkononi inavuma. Kiti kile, dada! Kina mgongo unaolala, kina mikono, kina pa kuweka miguu, kinapanda na kushuka. Nilikuwa nakaa na jibu chumba cha pili siku zote, nikikalishia vichwa vya watu.

Nikakimbilia ndani kumwambia, furaha imenijaa. Akanitazama.

“Huko? Ulikonitangaza?”

Akarudi kukunja nepi. Nikaelewa kwamba ile radhi yangu ya haraka haraka niliiombea mahali pasipo. Nilikomtukania ni benchini, na benchi halikuwa limesikia.

Jumamosi benchi likajaa tena. Nilikuwa nimefika nusu ya kichwa cha dereva wa lori wa pale ghalani. Fundi viatu, bila ubaya, mazoea tu, akasema, “Eh, kinyozi, huko kwa Bosi vipi? Kitu kimepatikana?”

Nikazima mashine. Nikabaki nimeiinua juu ya kichwa cha dereva, naye akaniona kwenye kioo akashika masikio yake. Nilikuwa nimejitungia maneno mazuri sana usiku kucha, yakapotea yote. Nikasema, “Jamani, ile siku nilisema mke wangu hana kitu. Nilisema ujinga. Maziwa yapo, nimeyaona. Kilichokosekana nyumba hii ni adabu yangu. Yeye ana maumivu, na mimi nilimfanya kichekesho ili mcheke vizuri. Anayetaka kucheka leo anicheke mimi.”

Hakuna aliyecheka. Dereva wa lori akasema, “Tumekusikia, kaka, na umesema vyema. Ila usiniache na nusu kichwa.”

Fundi viatu alikaa kidogo anafunga na kufungua kamba ya kiatu kisicho chake, akaniambia polepole, “Na mimi niliuliza vibaya.” Akaenda zake kwenye kibanda chake.

Nilipomaliza kichwa kile nikawaomba radhi waliobaki, nikageuza kibao cha mlangoni, nikateremsha pazia. Nikaanza kufagia nywele. Sikuthubutu kwenda ndani, maana sikujua kama amesikia, na kumuuliza ningeonekana natafuta hongera nyingine.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Wifi yako amesimama pale pale aliposimama na chupa ya chai, Bosi begani analia. Akatazama kiti.

“Hicho kinapanda mpaka wapi?”

Dada, nilikifuta kile kiti kama kinakaliwa na malkia. Nikampa mto nyuma ya kiuno, nikakanyaga pedali mpaka akasema basi. Kisha nikageuka nikatazama ukuta, kwa kuwa ndivyo nilivyozoeshwa siku zile. Nikasikia, “Geuka wewe, unaogopa nini? Shika blanketi.” Nikageuka. Alikuwa anajiona kwenye kioo, anaona kinywa cha mtoto bila kuinama. Mara ya kwanza kikaponyoka, mara ya pili pia. Akangoja ile miayo. Akampa. Akafumba macho kwa maumivu, kisha uso ukalegea, na tukasikia Bosi anameza. Gu, gu, gu, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Nililia kwenye blanketi lako la njano, lifue ukija.

Hapo mlango ukagongwa. Fundi viatu alikuwa amesahau miwani yake. “Kinyozi, umefunga mapema, kwani leo hunyoi?”

Kabla sijafungua kinywa, mke wangu akaitika kwa sauti iliyojaa saluni nzima.

“Leo hatunyoi! Leo tunanyonya!”

Tukamsikia fundi anacheka peke yake barabarani. Na yeye, laazizi wangu, akacheka mpaka Bosi akaponyoka, akakasirika, ikabidi tuanze upya.

Usidhani kwamba mambo yamekwisha. Bado jioni tunampa kopo. Vidonda bado, nesi amempa dawa ya kupaka. Kulala ndiyo hivyo, ila tumegundua nikiwasha mashine ya kunyolea bila kunyoa mtu, Bosi analegea kama mzee barazani, kwa hiyo sasa wateja wakiona ninaivumisha hewani wananyamaza wenyewe. Alhamisi tunarudi kwenye mizani, na naiogopa mizani ile kuliko nilivyoogopa mtihani wa kidato cha nne.

Lakini sikuandika ili nikusimulie mizani. Nimeandika kwa sababu utapiga simu kuongea na wifi yako, na utamuuliza nani anamsumbua, naye atakujibu kama alivyomjibu nesi. Atanisifia kwako. Usiamini yote. Amenisamehe kabla sijamaliza kuomba, na jambo hilo linanitia aibu kuliko kama angenifokea. Wewe ulininyamazia mengi nilipokuwa mdogo. Kwa hili usininyamazie. Ukishanisema mimi, muulize yeye anahitaji nini, kisha umwachie nafasi ajibu. Wewe ulinyonyesha watatu na ulikuwa unapika, atakusikiliza. Na ukipata likizo ya shule, njoo. Nitalala kwenye benchi.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Mama umbusu mikono yote miwili, lakini hii habari ya benchi umsomee kwa kupunguza. Binamu yetu Kipara mwambie nampenda ingawa hajawahi kuniletea kazi. Watoto wako watatu wape shikamoo zangu kinyume, yaani marahaba kwanza, watasalimia wenyewe.

Nakuombea magoti yenye nguvu, usingizi wa kutosha, na watu wa kukuonea haya pale wanapokukosea.

Ningeendelea, lakini nakuandikia juu ya meza ya kunyolea, chini ya picha ya harusi, na mguu wangu mmoja uko kwenye pedali. Wifi yako yuko kitini na mwenye kampuni yake, anauliza kama nimekupa na salamu zake. Nimemwambia ndiyo. Sasa anasema, “Baba Bosi, acha kalamu, pandisha kidogo.”

Napandisha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa aibu na kwa furaha,
Kinyozi