Tumefika Birmingham ya Alabama

Mama Neema,

Tumeenda! Mimi na Neema wako tumefika Birmingham ile ya Amerika uliyonisumbua nayo miaka yote tuliyofanya kazi wodi moja. "Tunaishi Birmingham hii ya Uingereza yenye mvua," ulikuwa ukisema, "na kuna nyingine ambako watoto weusi waliandamana, wakafungwa, na bado wakashinda. Lazima tuione." Nami nikikujibu, "Mama Neema, hebu tumalize shifti kwanza."

Nisamehe. Nilidhani tuna wakati.

Tangu tukuzike, Neema alikuwa amenyamaza kabisa. Nilipomwambia twende, nilijua atakataa. Akasema tu, "Okay, Auntie."

Kuna bustani yenye sanamu za mbwa wa polisi wakiwarukia watu, na njia inapita katikati yao. Neema alisimama hapo, akanishika mkono. Msichana wa miaka kumi na saba! Nililia, sikufichi. Halafu tukaenda kula samaki wa kukaanga na mboga ya majani kama sukuma wiki, iliyochemshwa na nyama mpaka ikalegea. Ungewasema wapishi! Sukuma yako haikukaa motoni dakika tano. Lakini niliongeza mara mbili.

Jumapili tukaingia kanisani. Mama mmoja mzee, kofia ya zambarau pana kama sinia, akatuuliza tumetoka wapi.

"Birmingham," nikasema.

"Hata sisi, mpenzi! Mtaa gani?"

Nilipoeleza kwamba ni ya Uingereza, watu walicheka mpaka mchungaji akapangusa macho. Akamwomba Neema awasalimie. Mama Neema, mtoto huyu uliyemsemesha Kiswahili maisha yake yote akikujibu Kiingereza, alishika maikrofoni akasema, "Bwana asifiwe. Naitwa Neema. Mama yangu alitaka sana kuja hapa. Mimi nimekuja na yeye."

Hawakuelewa neno, lakini waliitikia "Amen!" hadi madirisha yakatikisika. Alipowatafsiria, yule mama wa kofia akamkumbatia na kumpakaza poda shavu zima. Neema akacheka. Kicheko chako kabisa, kile cha kujipiga paja.

Sasa tumerudi mtaani kwetu Newtown. Kila Jumamosi anakuja kwangu tupike, na ameweka sheria: Kiswahili tu, na akikosea nisicheke. Jana aliniambia "nyumba wangu," nikavumilia.

Pumzika, dada yangu. Mtoto sitamwacha. Nakuahidi.

Wako,
Wambui