Dakika ya Mama Uwanjani

Hallunda, Jumapili

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu zetu. Bibi yako hajambo, goti limetulia, na binamu yako bado ananijibu kwa Kiswidi.

Umeuliza kwa nini nawahi uwanjani kutazama kama kuna maua na bendera za maombolezo kabla ya mpira kuanza.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa Uswidi, mama yangu alizikwa Singida bila mimi. Wiki hiyo nilikwenda mpirani. Kabla ya mchezo tuliombwa kusimama kimya kumkumbuka mchezaji wa zamani aliyefariki. Uwanja mzima ukanyamaza, nami nikalia.

Mzee mmoja pembeni yangu akauliza, "Ulimjua?"

"Hapana. Namlilia mama. Amezikwa juzi, kwetu Tanzania."

Mpira ulikuwa umeshaanza na watu wanaimba. Mzee akavua kofia yake tena.

"Simama, kijana. Naye apate dakika yake."

Tukasimama kimya, sisi wawili tu, huku wa nyuma wakifoka, "Kaeni, nyie! Hatuoni!" Mzee hakugeuka.

Hayo ndiyo mazishi niliyohudhuria. Ukifika Singida likizo hii, nenda kaburini kwa mama, ukae naye kidogo kwa niaba yangu.

Babu yako akupendaye