Kamba Mkononi mwa Baba

Ijumaa. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na vidole vyangu vina baridi hata kalamu inateleza. Lakini naihisi kalamu. Daftari langu, leo nimejua kwamba hilo si jambo dogo.

Nilimsindikiza baba hospitali. Ni mwezi wa tano tangu gogo limbane mkono wa kulia kule Magamba, anakosukuma magogo kwenye msumeno. Kidonda kimepona. Ilibaki mama mmoja mpimaji aamue kama anaweza kurudi kazini Jumatatu. Baba amekwisha kuwaambia wenzake wamwekee nafasi yake.

"Shikamoo baba," alisema mpimaji.

"Marahaba, mwanangu. Niandikie tu, nisikuchoshe."

Alipoambiwa, baba akanyanyua ndoo ya mchanga. Akapiga nyundo. "Hata ng'ombe wa mnadani hakaguliwi hivi!" akasema, nami nikacheka, mimi nisiyecheka mbele ya wageni.

Kisha mpimaji akamwambia afumbe macho, akamtia kipande cha kamba mkononi, akamwambia asiachie.

Kamba ilianguka. Haikutoa sauti yoyote.

"Bado unayo, baba?"

"Ninayo. Nimeikaza."

Alikuwa amekunja ngumi tupu, anatabasamu.



Mpimaji akaniuliza nyumbani baba hupokeaje vitu. Nikasema, kwa mikono miwili. Tangu aumie, hata maji ninayompa mimi mwanawe huyapokea kwa mikono miwili, kama ninavyotakiwa mimi kupokea kwake. Tulidhani maumivu yamemfundisha unyenyekevu. Mama alimsifu mbele ya wanakwaya.

Na mimi, muhula uliopita, nilipata alama zote katika swali la mishipa ya fahamu!

"Msumeno ukikugusa hutajua, baba, mpaka uone damu," alisema mpimaji. "Mkono huu sasa utauongoza kwa macho." Akaandika asirudi kwenye msumeno, apewe kazi ya kitalu cha miche. Baba aliyakodolea macho maandishi ya ukutani: Uhuru na Kazi.

Jioni nilimpelekea uji wa moto. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nimeshika," alisema, akinitazama usoni.

Alisema hivyo hivyo kuhusu kamba.

Sikuachia. "Tazama kikombe, baba," nilisema. Sijawahi kumwamuru baba maishani mwangu.

 Akainamisha macho, akavitazama vidole vyake kimoja kimoja.

Ndipo nikaachia.