Dawa ya Michungwa ya Mwaitu

Kilimambogo, Thika
6 Novemba 1955

Mwanangu Mwongeli,

Salamu nyingi. Baridi ya Ruiru inakutendeaje? Sisi wazima, ila goti langu limekuwa na maneno mengi kuliko mimi.

Michungwa aliyoniachia marehemu baba yako imedhoofika. Majani ni madogo, yana manjano katikati ya mishipa, na matunda hayakui. Baba yako mkubwa, Mbaluka, amenipa hadi mwisho wa mwaka ujao. Nisipovuna, ataleta shoka, apande mahindi. Nimelia, sikufichi. Wewe unayefanya kazi kwenye vitalu vya kahawa, huko hakuna dawa?

Ni mimi mama yako, Ndila

Ruiru
15 Novemba 1955

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Pole kwa goti. Mimi mzima, na chakula kipo.

Usilie. Manjano hayo tuliyaona kwenye michungwa ya mwenye shamba. Mti una njaa ya madini ya zinki. Mizizi haiipati udongoni, kwa hivyo tunaulisha kupitia majani. Msimamizi wetu, Kagwe, amenipa zinki na bomba la kupulizia. Vichukue kwa Wamboi, muuza mboga sokoni Thika. Koroga zinki kwenye maji, utie chokaa, uchuje. Bila chokaa majani yataungua. Puliza asubuhi, juu na chini ya majani machanga.

Binti yako, Mwongeli

Kilimambogo, Thika
20 Januari 1956

Mwanangu,

U hali gani? Goti limetulia.

Nilipuliza kama ulivyosema, lakini miti ingali ya manjano. Tena dawa yenu ni chafu! Majani yalibaki meupe kama yamemwagiwa unga, na kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwangu kwa maombi. Ningewakaribisha hivyo? Nilichukua ndoo na kitambaa, nikaosha jani moja moja. Benta, mmoja wao, alinisifu sana.

Mama yako

Ruiru
29 Januari 1956

Mwaitu!

Salamu kwanza, nisije nikakosa adabu. Nimecheka hadi machozi, kisha nikaogopa. Weupe ule ndio chakula chenyewe! Umeipangusa miti midomo kabla haijameza.

Natuma dawa nyingine. Mvua za masika zikileta machipukizi, puliza, halafu usiguse. Wageni wakiuliza, waambie ni mimi niliyewachafulia macho.

Binti yako, Mwongeli

Ruiru
7 Oktoba 1956

Mwaitu,

Hujambo? Mbona kimya? Mwaka unaisha, nami silali vizuri nikiwaza shoka la baba mkubwa. Nijibu, hata kama ni habari mbaya.

Mwongeli

Kilimambogo, Thika
29 Desemba 1956

Mwongeli mwanangu,

Pokea salamu za furaha. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kusifu kabla ya kuonja.

Majani sasa ni mapana, ya kijani kibichi. Chungwa moja linajaza kiganja, na ukilimenya maji yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Kapu la shukrani la kanisani tulilibeba watu wawili.

Leo Mbaluka amekuja na shoka kweli. Nimempa chungwa. Amekula, akaomba lingine, kisha akauliza, "Yule msichana atakuja lini? Milimau yangu nayo ina manjano." Huyu ndiye aliyesema kukusomesha ni kupoteza wakati! Mwanangu, najivunia wewe mpaka kifua kinajaa.

Nimemwambia binti yangu ana kazi. Akitaka dawa akuandikie mwenyewe, kwa heshima, aanze kwa kukujulia hali. Ameketi hapa mbele yangu, anangoja nimalize nimpe kalamu.

Mama yako, Ndila