Maji ya Mama Kwenye Rejeta

Ndugu yangu Aloo, mama yake Kisyeri hatunaye. Amefia ndani ya gari la mwanawe, mlimani, kabla hawajafika hospitali Tarime.

Gari lilichemka, Aloo! Lile lile analobebea viroba vya mawe ya dhahabu. Wametoka Kerende mama anaumwa lakini anaongea kabisa.

Wiki nzima lilikuwa linatapika maji kwenye kile kitanki cha akiba cha rejeta, na Kisyeri anaongeza tu. Anachota wapi? Kwenye madimbwi wanapooshea mchanga wa dhahabu! Eti maji ni maji.

Leo mshale wa joto umepanda, mvuke umefumuka, wakasimama. Maji hakuna. Mama akatoa chupa yake ya kunywa. Kisyeri akakataa. Mama akamwambia, "Lipe gari, mwanangu. Mimi nitakunywa Tarime."

Nitakunywa Tarime, Aloo. Kisyeri akalimiminia yote.

Hawakufika mbali. Likachemka tena, na mama akanyamaza.

Fundi Odoyo amefungua rejeta watu wakiona. Tope tupu, lile la madimbwini, limeshikana kama la kukandikia nyumba. Akasema, "Hapa maji hayapiti, ndiyo maana yalikuwa yanasukumwa nje. Hata angemwaga ziwa zima."

Sasa hivi watu wa msiba wamejaa uani, na Kisyeri yuko pale kwenye gari, anamimina maji ya bomba ndoo baada ya ndoo, yote yanamwagika chini. Kaka zake wanamshika, wanamwambia acha.

Anawajibu, "Mama alikuwa na kiu."