Mikoba Mitatu ya Bastola

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua ghala la silaha saa moja kamili. Mvua tangu alfajiri. Boksi limefika kutoka mkoani: mikoba mitatu ya bastola, kila mmoja aina yake, nichague mmoja. Mkuu wa kituo anataka jibu langu kwa maandishi Jumamosi. Jumatatu ijayo Koplo Wande anarudi doria ya Idete, na atavaa huo nitakaouchagua.

Sitaki kazi hii. Mwezi uliopita, hukohuko Idete, kwenye ugomvi wa ng'ombe walioingia kwenye mpunga, mtu alimshika Wande kiunoni kwa nyuma na bastola ikatoka nusu. Nusu! Wenzake waliwahi. Mkoba ule ulikuwa na saini yangu: unafaa. Nimeukagua kila mwaka kwa mikono yangu. Sielewi ulinidanganyaje.

Jumanne, 4 Machi

Nimeipa herufi. A ni wa ngozi, una ukanda juu wenye kifungo cha kubana. B ni plastiki ngumu, unabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada ndipo bastola inaachia. C ni plastiki pia, una kofia inayofunika bastola. Unaisukuma chini kwa gumba, halafu mbele. Gumba langu lina miaka hamsini na tatu. Limelalamika.

Nimejaribu kama ninavyofanya kila mwaka. Navaa mimi, ndani bastola ya mpira ya mazoezi, askari kijana ananivuta. Leo Konstebo Masanja, Msukuma, anabeba gunia la mpunga bila kuhema. Kavuta A. Haikutoka. B haikutoka. C haikutoka.

Yote inafaa, basi. Sasa tunachagua nini?

Jumatano, 5 Machi

Misa ya asubuhi, nimeingia kazini na majivu usoni.

Leo nimemvalisha Wande. Masanja kavuta A: bastola imetoka mara ya kwanza. B: imetoka mara ya tatu. C imegoma. Nikavaa mimi tena, Masanja yuleyule, A ileile. Imegoma! Nimechanganyikiwa kabisa.

Nimekaza skrubu. Nimepima mkanda wangu na wa Wande, sawasawa. Nimeandika "labda nyonga", nikafuta. Jioni nyumbani Lipangalala nimemuuliza mke wangu kama nyonga za mwanamke zinaweza kulegeza kifungo. Kaniangalia sana, karudi jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mbaya zaidi. Nimemvalisha konstebo mwingine, mwanaume, mwembamba. A imetoka mara moja. Kwa hiyo si nyonga. Nikavaa mimi, imegoma. Basi tatizo ni kitambi changu? Kinabana mkoba? Nimejaribu nikiwa nimevuta pumzi, tumbo ndani, mpaka nikaona nyota. Imegoma. Masanja kageuka pembeni, mabega yanacheza. Nimemfokea bila sababu.

Sina raha. Natamani asaini mtu mwingine. Nimemwona Wande akila uani: anakula kwa mkono wa kushoto, wa kulia haubanduki kwenye bastola. Hakuwa hivyo zamani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeelewa. Heri nisingeelewa.

Saa nne Mama Komba, mama lishe wetu, kaleta chai na chapati. Yeye Mngoni, mimi Mpogoro, kwa hiyo ni mtani wangu. Ananitukana kila siku na ni haki yake. Nilikuwa nimevaa A na ile bastola ya mpira, nimempa mgongo. Kaweka chupa ya chai chini, kanishika kiunoni, kavuta kwa mikono miwili. Bastola imetoka, mimi nimepiga magoti kwenye tope.

"Mpogoro, nimekuteka! Inuka ubebe vikombe!"

Uani wote wamecheka isipokuwa Masanja. Nimemuuliza mama kafanyaje.

"Nimevuta tu. Hao watoto wako wanakushikashika kama mgonjwa. We huoni?"

Nimemgeukia Masanja. Kichwa chini.

"Afande, we ni sawa na baba yangu. Ntakukwapuaje kiunoni?"

Nikakumbuka. Kila siku kabla ya kuvuta alisema shikamoo, nami nikaitikia marahaba. Nimekaa pale kana kwamba mnyang'anyi anaweza kuja na shikamoo! Mpumbavu mimi.

Nimemwomba Mama Komba amalizie kazi. Kwenye fomu, mvutaji: raia mmoja. B imetoka, vidole vyake vimegonga kitufe kwa bahati tu. C kanizungusha uani mara mbili, kanitukania ukoo mzima, katoka jasho. Haikutoka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeandika C. Nimeandika pia kwamba kofia yake inachelewesha mkono, na kwamba asipewe mtu asiyeizoea. Wande amefanya mazoezi uani tangu asubuhi, sukuma, chomoa, rudisha. Kufikia saa nane gumba lake limejua njia. Nimesaini.

Mchana nimejilaza, usingizi hakuna. Miaka kumi na moja nimekagua mikoba kwa kuivaa mwenyewe. Miaka kumi na moja ya vijana wenye adabu. Mkoba wa Wande haukuwahi kuvutwa kweli na mtu hata siku moja, hadi yule bwana wa Idete.

Lazima nimwambie. Naogopa. Mtoto wa juzi tu, na namwogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imekatika. Saa kumi na mbili na nusu Wande kaja kuchukua bastola. Tumesalimiana. Nimemwambia yote kwa mkupuo: ukaguzi wangu ulikuwa bure, aliyenivuta mwaka jana alinionea haya, na sikushtuka. Kosa ni langu.

Alikuwa anafunga mkanda. Hakuinua macho.

"Najua, afande. Aliyekuvuta mwaka jana ni mimi."

Nilikuwa nimesahau kabisa.

Bastola ilikuwa bado haina risasi. Akaisukuma ndani ya C, kofia ikafunga, akanipa mgongo.

"Vuta, afande. Vuta kweli."

Nimevuta kwa nguvu zangu zote, mpaka akarudi nyuma hatua mbili. Haikutoka. Nimevuta tena. Hakuna aliyeomba samahani.

Nimempa risasi, amesaini. Gari limeondoka saa moja kasoro, barabara ya Idete ina matope sana.