Viti Arobaini na Mashua ya Futi Thelathini na Nne

Riverdale Park, Maryland,
Marekani.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Dada Rosemary,

Shikamoo, Dada. Kabla sijasema langu lolote, niambie kwanza hali yako. Presha imetulia? Zile dawa za asubuhi unazimeza kwa wakati, au umerudia mtindo wako wa kuzikumbuka saa sita mchana? Na Mama, goti linamruhusu kufika kanisani mwenyewe, au bado mnamsindikiza? Nimesikia kuwa mvua ya Tukuyu mwaka huu imekataa kuondoka. Mfunikeni vizuri. Lile sweta la kijivu nililomtumia Desemba si la kuwekwa sandukuni kungojea wageni.

Sisi huku ni wazima. Festus ana afya, na mgongo wake umeacha malalamiko. Audrey bado yuko kule Sterling, kwenye yale majengo makubwa ya kuhifadhia data. Leo huku ni siku ya kuwaenzi akina mama, naye ameniletea maua na keki. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza kama kawaida, ila siku hizi akikasirika ananikasirikia kwa Kiswahili, nami nahesabu hilo kuwa maendeleo.

Barua hii nimeiandika kwa mkono na kumpa msafiri anayekuja Mbeya, kwa sababu tukizungumza kwa simu Mama huwa karibu nawe na spika iko wazi. Nina jambo ambalo ningependa ulisome kwanza wewe peke yako, ukiwa umekaa.

Anwani niliyoandika hapo juu si mahali ninapolala. Tangu tarehe mosi Machi, mimi na Festus tunaishi kwenye mashua.

Najua umeishusha barua na kuvua miwani. Ivae tena, Dada. Si mtumbwi. Ni mashua ya matanga yenye urefu wa futi thelathini na nne, ina kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, choo, na kipasha joto ambacho Festus amekifunga kwa mikono yake. Imefungwa gatini kwenye mkono mmoja wa Ghuba ya Chesapeake, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka nyumbani. Aliinunua mwaka juzi kwa mjane mmoja mwalimu, kwa bei ya gari la wastani. Unakumbuka kuwa shemeji yako amezaliwa Musoma, na kwamba miaka tisa sasa amekuwa akienda na mfanyakazi mwenzake kujifunza matanga kila Jumamosi. Nilidhani ni michezo ya wanaume. Alipofikisha miaka sitini na miwili na kuacha kazi ya viyoyozi, ndipo aliponiambia anachotaka: tuuze nyumba, tuishi majini, kila Oktoba tushuke kusini taratibu hadi Florida na Bahama, na kila Mei turudi huku.

Nilimwomba mwaka mmoja nifanye hesabu. Ndivyo nilivyo, na wewe unanijua. Jambo likinitisha naligeuza jedwali.

Basi niliandaa bajeti, Dada, na nasema bila majivuno kuwa ilikuwa kazi safi kuliko nyingi nilizowahi kuipelekea ofisi ya elimu ninakofanya kazi. Niliwauliza wenye mashua waliokaa majini muda mrefu. Niliandika kodi ya gati, na siku ambazo tungetia nanga nje bila kulipa. Niliandika bima ya mashua na bima yetu ya afya, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Kila mwaka mashua hupandishwa nchi kavu ikapakwa rangi ya tumboni, na kila baada ya miaka kadhaa zile kamba za chuma zinazoshikilia mlingoti hubadilishwa hata kama hazijakatika. Vyote nikavitengea fungu. Fedha ya Mama na ya dawa zako niliiweka mstari wa kwanza kabisa, juu ya chakula na juu ya dizeli, ili atakayetaka kupunguza matumizi aanze kusoma chini. Jumla ilikuja dola elfu tatu na mia nne kwa mwezi. Tukiuza nyumba, tungeweza kuishi hivyo miaka saba bila kukosa usingizi. Nilikagua hesabu mara nne. Haikuwa na kosa.

Tukakubaliana kujaribu miezi mitatu. Nyumba tuliipangisha kwa familia ya Kikongo kutoka Bukavu: mama mmoja aitwaye Vumilia, anayehudumia wazee, mume wake na watoto wawili. Na hapa ndipo penye kosa langu, nalo halikuwa la hesabu. Sikumwambia mtu. Audrey alijua, basi. Niliona aibu. Miaka ishirini na miwili watu wanatuona tuna nyumba ya matofali. Nitawaambiaje kuwa sasa tunalala kwenye kitu kinachotikisika? Nilijiambia kuwa nikishakuwa na hakika ndipo nitatangaza. Hata wewe sikukuambia, nawe ndiye niliyekuambia kila kitu tangu tukilala kitanda kimoja.

Ulitupigia simu ya pole Marwa, kaka yake Festus, alipofariki mwezi Machi. Uliniuliza kama watu walikuja wengi, nikasema walikuja wengi. Ulikuwa ukweli, lakini niliuacha nusu. Nusu iliyobaki ndiyo hii.

Taarifa kutoka Musoma ilitufikia Jumamosi asubuhi tukinywa chai. Festus aliweka kikombe chini, akapanda juu, akakaa karibu na usukani akitazama maji. Mimi nilimjulisha Bi Sabiha, yule mama wa Kizanzibari wa Silver Spring ambaye ni katibu wa kikundi chetu cha familia za Kitanzania. Nilimwandikia kwa ufupi kuwa Festus amefiwa. Kisha, Dada, nikafanya jambo ninaloliwaza hadi leo. Nilitazama ndani ya mashua nikahesabu viti. Watakaa watu sita, wa saba kwenye ngazi. Nikaona kwamba watu wakitaka kuja kutupa pole itabidi tupate ukumbi, nikaanza kupiga simu kuuliza bei. Mume wangu anamwomboleza kaka yake futi chache juu ya kichwa changu, nami niko chini naandika pembeni ya bajeti: ukumbi, saa nne, dola mia sita.

Bi Sabiha hakuuliza mahali. Kwa nini aulize? Aliwaandikia watu wote kuwa msiba uko kwa Wambura, yaani kwetu, na kila mtu anajua kwa Wambura ni wapi.

Saa nane mchana Vumilia akanipigia. "Mama Audrey, huku nyumba imejaa. Nyinyi muko wapi?"

Walikuwa wamefika zaidi ya thelathini. Wamekuja na masufuria ya pilau, chupa za chai, katoni za maji, na kanga viunoni. Wamepiga hodi, na aliyefungua ni mwanamke wasiyemjua mwenye mtoto mgongoni. Mtu mwingine angefunga mlango na kuita polisi. Bi Sabiha amenisimulia jinsi walivyosimama pale barazani na masufuria yao, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea njia, mpaka Vumilia alipoziona zile kanga na kuelewa. Aliwaambia, "Muingie kwanza. Kilio ni ya nani, mutaniambia mukisha ikala," yaani mkishakaa. Akasogeza makochi ukutani, akabandika sufuria la maji, akamtuma mumewe chini kuleta viti.

Viti hivyo nikueleze. Ni arobaini, vya chuma, vya kukunja, mali ya kikundi. Tangu mwaka 2009 vimekaa kwenye chumba chetu cha chini, kwa sababu nyumba yetu iko katikati na ina chumba kikubwa. Mwenye msiba au kipaimara huvichukua na kuvirudisha. Kwenye orodha yangu ya kuhama nilikuwa nimeviandika hivi: viti 40, kugawa.

Tulipofika, Festus alisimama mbele ya mlango wake mwenyewe, aliopaka rangi mwenyewe, akapiga hodi. Vumilia akamshika mikono yote miwili. "Karibuni, wenye kilio," akamwambia. Festus, ambaye kutoka asubuhi hakuwa ametoa chozi, alilia pale mlangoni kama mtoto, na wanaume wakamwingiza ndani na kumkalisha.

Mimi nilipokewa na Bi Sabiha. Alinikumbatia kwanza, akaniacha nilie, kisha akaninong'oneza sikioni: "Wewe Lusekelo, mtu anahamia baharini kama pweza, hata kuaga haagi? Tungekuzika wapi, na anwani hatuna?" Nikacheka huku nalia. Alipoona nimecheka akanivuta jikoni kupakua chakula, kwa sababu huku mfiwa haachwi akae bure akiwaza.

Watu walikuja siku tatu mfululizo. Vumilia hakutaka tumrudishie hata fedha ya sukari.

Siku ya nne tulirudi gatini, Festus akiendesha gari. Njiani akasema, "Mke wangu, ile bajeti yako ina fungu la pampu ya choo. Sebule haimo."

Nilikuwa nimeiandika nyumba upande mmoja tu, Dada: mkopo, kodi ya ardhi, gesi, bomba linalovuja. Nikajumlisha vitu tutakavyoviokoa tukiiacha. Upande wa pili, wa kile nyumba inachotupa, niliandika bei ya kuiuza. Nimesoma uchumi miaka mitatu chuo kikuu pale Mlimani na sikuona kwamba upande ule ulikuwa na mstari mmoja tu.

Sasa jambo lenyewe. Vumilia na mumewe wameomba kuinunua nyumba, kwa bei nzuri, na wanataka jibu kabla ya tarehe 31 mwezi huu. Wakinunua, tuna ile miaka saba. Nimefanya hesabu nyingine. Tusipouza, tukawapangishia kwa kodi nafuu, kwa makubaliano kwamba chumba cha chini na viti vyake vibaki kwa ajili ya misiba na shughuli, tutapata miaka mitatu majini, tena kwa kubana sana: samaki wa kujivulia, nanga badala ya gati, na matanga ya zamani kushonwa badala ya kununua mapya. Nilipompelekea Festus karatasi aliisoma mara mbili. Nilidhani ataumia kupoteza miaka minne ya ndoto yake. Akaniambia mitatu inatosha kwa mtu aliyezoea Jumamosi moja moja. Vumilia naye tulimweleza ukweli wote. Alisema angependa kununua, lakini kama haiwezekani atapanga, ila chumba cha chini tukipake rangi, kwa sababu watu hawawezi kulilia mahali pachafu namna ile.

Kwa hiyo inaonekana nimeamua. Lakini sijiamini, na ndiyo sababu nakuandikia. Huenda siilindi sebule ya watu. Huenda naogopa maji na nimepata sababu yenye heshima ya kubakiza mguu mmoja nchi kavu. Unajua tulikotoka hakuna aliyetufundisha kuogelea. Tangu Januari najifunza kwenye bwawa la umma pamoja na watoto wa miaka sita, ambao wananipigia makofi nikielea. Wiki iliyopita nimeelea dakika mbili. Nilipotazama dari nikiwa chali, niligundua kuwa sitaki kurudi kulala kwenye nyumba. Nataka kwenda na Festus. Hilo nalijua kwa hakika kuliko yote niliyoandika humu, na ndilo linalonitia hofu, kwa sababu ya Mama.

Ana miaka themanini na sita. Nimetenga fedha ya tiketi ya ndege kwenye akaunti isiyoguswa, na kwenye ramani nimeweka alama ya kiwanja cha ndege kilicho karibu na kila mahali tutakapotia nanga. Popote nitakapokuwa, hesabu yangu inasema nitafika Tukuyu ndani ya siku nne. Lakini nimeshaona hesabu yangu inavyoweza kuwa sahihi na bado ikasahau kitu. Wewe unayelala chumba cha pili na Mama, niambie: siku nne ni nyingi mno? Ukisema ndiyo, nitamwambia Festus asubiri, naye ataelewa. Nijibu kabla ya tarehe 31, na usinijibu ili kunifurahisha.

Kama utaona inafaa, mwambie Mama mwenyewe, kwa maneno yako. Mwambie mwanawe amejifunza kuelea. Usimwambie kuhusu mawimbi.

Msalimie sana Mama, mshike mikono kwa niaba yangu. Wasalimie watoto wako wote, majirani wa pale juu, na akina mama wa kwaya, ambao najua watataka kuisoma barua hii. Wasomee ile sehemu ya viti. Festus anakuamkia, Audrey anasema "Shikamoo Mama mkubwa", na hilo kalisema kwa Kiswahili. Mungu awatunze, awape mvua ya kiasi na jua la kuanikia nguo.

Jambo la mwisho. Ikitokea mnanitafuta kwa habari nzito na simu yangu haipatikani, usihangaike na Festus wala Audrey. Namba ya Vumilia nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Mpigie yeye. Watu watafika pale kabla yangu, na nitakapoingia nitakuta viti vimepangwa na maji yanachemka.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda kila siku,

Lusekelo